Tani moja ni tani moja, hata Garsen

Katika Kaunti ya Tana River, karibu kila tunachokula, tunachokunywa na tunachojengea kimewahi kupanda pikapu. Maembe ya Ngao na Tarasaa hutoka shambani kwa pikapu hadi Garsen au Minjila, ndipo yapate lori la kuyapeleka Malindi na Mombasa. Samaki wa Kipini husafiri na barafu yao nyuma ya pikapu. Mbuzi wa Waorma na Wawardei, saruji ya mjenzi wa Wema, mchele wa Gamba, mitungi ya maji wakati wa kiangazi, mgonjwa usiku wa manane: yote ni kazi yake. Vijiji vingi vya delta havifikiwi na lori kubwa, na mvua ikinyesha udongo mweusi hulimeza hadi ekseli. Pikapu hufika. Na kwa kuwa hufika, tumeitwisha kazi ya lori.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Pikapu ya tani moja inapotoka Garsen na tani mbili, lawama humwendea dereva, na gari likipinduka tunasema alikuwa na haraka. Mwenye mzigo, aliyelipa kwa safari na kusimama kando akihimiza gunia jingine lipakiwe, hatajwi. Nataka atajwe. Na ili atajwe kwa haki, sharti sote tujue ile tani moja ni nini hasa, na ni nani aliyeipima.

Fungua mlango wa dereva wa pikapu yoyote iliyo na karatasi zake sawa. Kwenye nguzo ya mlango, au chini ya boneti kwa magari mengine, kuna kibati au kibandiko chenye tarakimu. Tarakimu kuu ni uzito wa juu ambao gari linaruhusiwa kufikia likiwa na kila kitu: chuma chake lenyewe, mafuta, dereva, abiria, mzigo na hata kamba ya kufungia. Nyingine mbili huonyesha kila ekseli inaweza kubeba kiasi gani, ya mbele na ya nyuma. Ukitoa uzito wa gari tupu katika ile tarakimu kuu, unapata mzigo halali. Kwa pikapu nyingi tunazoziona barabara ya Malindi, iwe Hilux au D-Max, jibu huangukia karibu na kilo 1,000. Ndiyo maana huitwa za tani moja.

Lakini tani hiyo huanza kuliwa kabla gunia la kwanza halijapanda. Chukua pikapu ya mfano yenye uzito mtupu wa kilo 1,900 na kikomo cha kilo 2,900. Dereva, tanboi na mwenye mzigo wanaingia kabini. Watatu hao ni kilo 215 bila ubishi. Fremu ya chuma iliyochomelewa nyuma ili mzigo upande juu ina kilo 90. Ngao ya chuma iliyofungwa mbele kwa ajili ya ng'ombe wanaokatiza barabara usiku, kilo 40. Tairi la pili la akiba, jeki, sururu, jembe na mtungi wa maji ya rejeta, kilo 55. Jumla ni kilo 400. Kwa mizigo zimebaki 600: mifuko 12 ya saruji, au mitungi 29 ya maji ya lita 20, au mbuzi 20 wa kilo 30. Fahali wawili wenye kilo 350 kila mmoja wameshapita kikomo.

Najua mtu wa Garsen akisoma hesabu hiyo atatikisa kichwa. Mifuko 12 ya saruji? Pikapu hiyo hiyo jana ilibeba 40 na ikarudi salama. Ni kweli ilirudi. Chuma hakivunjiki siku ya kwanza. Chesisi iliyopindishwa kidogo kila siku nyuma ya kabini huota ufa usioonekana chini ya rangi na matope, na beringi ya gurudumu hupata joto, ikapoa, ikapata tena, hadi siku inapokwama ikiwa kwenye mwendo. Siku hiyo huenda gari halina hata mzigo, limebeba watu wanaotoka mazishini. Ndiyo sababu ajali ya uzito ni ngumu kuiona: deni huchukuliwa na mtu mmoja, likalipwa na mwingine.

Mafundi wetu wana jibu lao, nalo ni la werevu. Pikapu ikilala nyuma, wanaongeza majani ya springi. Mawili, matatu, wakati mwingine wanachukua majani mazito ya lori dogo la kanta na kuyakata yatoshe. Gari husimama wima. Ukilipakia tani mbili halilali tena, na mwenye gari huondoka akiamini amenunua uwezo mpya.

Hakununua uwezo. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, chesisi ni ile ile, tairi ni zile zile, breki ni zile zile. Kilichoondolewa ni dalili. Gari lililokuwa likilala lilikuwa linamwambia dereva, na polisi, na abiria anayetaka kupanda, kwamba limezidiwa. Sasa limenyamazishwa.

Na kuna jambo jingine baya zaidi ambalo nasikitika kuona halizungumzwi kwenye karakana zetu. Pikapu nyingi za Kijapani, hasa za miaka ya nyuma kabla ya breki za kielektroniki kuenea, zina vali ndogo juu ya ekseli ya nyuma iliyounganishwa na chesisi kwa fimbo. Kazi yake ni kupima umbali kati ya ekseli na chesisi. Gari likiwa tupu, umbali ni mkubwa, na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu mepesi yasijifunge na kuteleza. Gari likipakiwa, nyuma hushuka, fimbo husogea, na vali hufungulia breki za nyuma nguvu zaidi, kwa sababu sasa kuna uzito wa kusimamisha. Ni mpango mzuri sana. Sasa ongeza majani matatu ya springi. Gari limebeba tani mbili lakini nyuma haikushuka. Vali inasoma gari tupu. Breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari tupu, na breki za mbele zinaachiwa kazi yote ya kusimamisha tani nne za chuma, watu na maembe. Kwa hiyo ile springi iliyowekwa ili gari liwe imara imelipunguzia breki siku ile ile linapozihitaji zaidi. Fundi mwenye ujuzi anaweza kuirekebisha fimbo hiyo, lakini ni wangapi wanaombwa kuifanya, na ni wangapi huifungua kabisa na kuitupa ilipokwama kwa matope?

Tairi nalo lina neno lake. Ubavuni, baada ya vipimo vya ukubwa, kuna nambari inayotaja uzito ambao tairi moja linaweza kubeba likiwa limejazwa upepo ipasavyo: 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 110 ni kilo 1,060, 112 ni kilo 1,120. Tairi mbili za nyuma zenye nambari 104 zinabeba kilo 1,800 kwa pamoja, zikijumlisha uzito wa gari lenyewe unaokalia ekseli ile. Mwenye gari anayenunua tairi za gari dogo kwa sababu rimu imekubali na bei ni nafuu ameshusha kikomo cha gari lake bila kugusa kitu kingine chochote. Mchana wa Garsen, lami ikiwa moto na upepo pungufu kidogo, tairi hilo hujikunja na kujipasha joto lenyewe hadi linapasuka. Wakazi wa kando ya barabara ya Malindi wanaijua sauti hiyo.

Kwa miaka mingi matope yalitulinda bila sisi kujua. Barabara ya Garsen hadi Lamu kupitia Witu ilipokuwa ya udongo, pikapu iliyozidiwa ilijikokota. Ikivunjika springi, ilivunjika ikitembea polepole, watu wakashuka wakakaa chini ya mti. Barabara hiyo ilipojengwa kwa lami katika mpango wa miundombinu wa LAPSSET, maisha yalibadilika kwa wema mwingi, na simuombei mtu yeyote arudi kwenye matope yale. Ila mzigo haukubadilika, mwendo ndio uliobadilika. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka mara nne kasi inapoongezeka mara mbili. Pikapu ya kilo 2,900 ikitembea kilomita 40 kwa saa, na pikapu hiyo hiyo ikiwa na kilo 4,000 ikitembea kilomita 80 kwa saa: ya pili ina nguvu mara tano na nusu ya ile ya kwanza. Mbele yake kuna kundi la ng'ombe linalovuka kwenda mtoni, na mchungaji wa miaka kumi na miwili.

Kuhusu mifugo kwenye gari nitasema machache tu. Ng'ombe ni mzigo unaosimama wima na unaohama. Kwenye kona wote huegemea upande mmoja, na uzito wao uko juu, kifuani, si miguuni. Kilo 600 za ng'ombe hazitulii kama kilo 600 za saruji zilizolazwa sakafuni. Dereva wa mifugo anastahili kubeba pungufu ya kikomo, wala si kukifikia.

Maji ndiyo yananiuma zaidi, kwa sababu ni mzigo wa dharura na hakuna anayethubutu kuuhoji. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na vijiji vilivyo mbali na mto viliishi kwa maji ya kuletwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la plastiki la lita 1,000 likifungwa nyuma ya pikapu limemaliza tani yote kabla dereva hajaketi, na tangi la lita 2,000 haliwezi kuingia katika hesabu yoyote ya gari hilo. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hulipima kinyume: tangi lililofika nusu linayumbisha gari kuliko tangi lililojaa. Maji yana nafasi ya kukimbia. Ukifunga breki yanakuja mbele, ukikata kona yanakwenda nje, tena yanachelewa kidogo kuliko gari, kiasi kwamba dereva akidhani amelitengemaza, wimbi linamrudia. Malori ya maji yaliyojengwa vizuri yana kuta ndani ya tangi za kuvunja mawimbi hayo. Tangi la plastiki la kuvuna maji ya paa halina.

Baadhi ya watu wamejaribu kuukwepa mzigo wa nyuma kwa kuvuta trela. Wazo si baya, ila tarakimu za kuvuta zina mitego yake. Tangazo la pikapu mpya hupenda kusema inavuta kilo 3,500. Tarakimu hiyo ni ya trela yenye breki zake. Trela isiyo na breki, kwa pikapu nyingi hizo hizo, kikomo chake ni kilo 750. Trela nyingi zinazochomelewa katika karakana za kwetu, za ekseli moja ya gari kuukuu, hazina breki hata ya mkono. Weka juu yake lita 1,000 za maji na chuma chake chenyewe, umefika kilo 1,300 zinazosukuma gari kutoka nyuma kila unapokanyaga breki.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba kubeba na kuvuta ni haki mbili zinazojitegemea. Kuna tarakimu ya tatu, ya gari na trela kwa pamoja. Pikapu yenye kikomo chake cha kilo 2,900 na uwezo wa kuvuta 3,500 ingefika 6,400 kama vyote vingejazwa, lakini kikomo cha pamoja huenda ni 5,800. Kilo 600 lazima zitoke mahali. Isitoshe, trela iliyopakiwa sawasawa hukandamiza ndoano ya gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na uzito huo huhesabiwa kama mzigo wa gari. Trela ya kilo 2,000 imekula kilo 200 za tani yako. Na ukijaribu kukwepa kwa kurundika mzigo nyuma ya trela ili ndoano iwe nyepesi, trela itaanza kutikisa mkia, na ikianza kwa kasi dereva hana la kufanya zaidi ya kuachia mafuta taratibu na kuomba.

Tarakimu zenyewe zilipimwa katika hali maalumu. Ulaya hudai gari na trela yake viweze kuondoka kutoka kusimama mara tano ndani ya dakika tano kwenye mwinuko wa asilimia 12. Marekani, kila kampuni ilikuwa ikijisifia tarakimu yake hadi chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilipotoa kanuni ya J2807 mwaka 2008. Sehemu moja ya kipimo hicho ni kupanda mlima wa Davis Dam huko Arizona katika joto kali, kipoza hewa kikiwa kimewashwa. Toyota iliifuata mapema, kwa Tundra ya mwaka 2011, na uwezo uliotangazwa wa gari hilo ukashuka. Lililonivutia katika kanuni ile ni dogo: inahesabu dereva na abiria mmoja, kilo 68 kila mmoja. Hakuna mtu wa tatu, hakuna fremu ya chuma, hakuna mfuko wa unga uliowekwa miguuni. Hata nyuma ya Probox nyingi zinazopakiwa hadi Minjila kuna kibandiko cha Kijapani ambacho wengi hudhani ni pambo. Kinataja mzigo wa juu: kilo 400 wakiwemo watu wawili, kilo 250 wakiwemo watano. Japani walilijua jambo hili wakaliandika nje, mlangoni pa mzigo.

Sheria ya Kenya nayo haiko kimya. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Trafiki kinakataza kulitumia gari barabarani likiwa na mzigo unaozidi ule uliotajwa na mtengenezaji wa chesisi au ule uliokadiriwa na mkaguzi. Kwa hiyo kile kibati cha mlangoni kina nguvu ya sheria. Shida ni kuupima mzigo wenyewe. Vituo vya mizani kama cha Mariakani hufanya kazi chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari, na sheria hiyo huanza na magari ya kilo 3,500 kwenda juu. Ilitungwa kulinda lami, na lami huharibiwa na malori. Pikapu ya kilo 2,900 haihusiki nayo. Kwa hivyo afisa wa polisi wa Garsen ana macho tu, na macho yameshadanganywa na zile springi.

Ndiyo maana naona suluhisho haliwezi kuachiwa kizuizi cha polisi. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna anayeuona mwepesi kama yule anayelipia safari moja badala ya kilo. Mfanyabiashara wa maembe anayelipa kwa safari ana kila sababu ya kuongeza kreti. Akilipa kwa kilo, kreti ya ziada haimpunguzii gharama, na dereva hana cha kuogopa kwa kuikataa. Mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia, ipo kwa wanunuzi wengi wa mazao. Itumike kupimia mzigo wa gari pia, gunia kwa gunia, na jumla iandikwe kwenye risiti.

Mwenye mizigo mkubwa kuliko wote katika kaunti hii, hata hivyo, si mfanyabiashara wa maembe. Ni serikali ya kaunti yenyewe, pamoja na mashirika ya misaada, hasa mto unapofurika kama mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, au unapokauka. Wao ndio hukodi pikapu kwa wingi, kwa siku, na kuzijaza unga, maji, mahema na watu. Hawa hawawezi kusema hawakujua, maana wana maafisa wa usafiri, wana fomu, na magari yao wenyewe hukaguliwa. Shirika linalomkataza dereva wake kubeba abiria wa ziada kwenye Land Cruiser yake nyeupe, kisha likaipakia pikapu ya kukodi tani mbili za unga, limeamua kwamba maisha ya dereva wa Garsen yana kipimo chake tofauti. Sikubali hivyo, na madereva wasikubali.

Watasema gharama itapanda, na ni kweli itapanda. Maji ya lita 2,000 yatahitaji safari nne badala ya moja, au lori dogo la magurudumu pacha nyuma ambalo lilijengwa kwa kazi hiyo na linalofika mahali pengi zaidi kuliko tunavyodhani wakati wa kiangazi. Lakini gharama hiyo ilikuwepo siku zote. Ilikuwa ikilipwa na mwenye gari katika springi, tairi na beringi, na vilevile na kampuni ya bima pale tu isipokataa madai, kwani sera nyingi za bima zina kifungu cha uzito uliozidi. Na ililipwa na waliokuwa wameketi juu ya mzigo.

Kandarasi ya maji ya kiangazi kijacho bado haijaandikwa. Inaweza kuandikwa na safu mbili zaidi kuliko ya mwaka uliopita: moja ya uzito halali wa gari baada ya kutoa watu na vyuma vilivyoongezwa, nyingine ya lita zitakazopakiwa kila safari. Afisa wa kaunti aisaini, dereva abaki na nakala yake kabini, na mtu akimwambia aongeze mitungi kumi kwa sababu kijiji kina kiu, awe na karatasi ya kumwonyesha na nambari ya simu ya kuomba gari la pili.